Kolekole Haina Ufunguo

Walionikosa jioni ile tulipoikabidhi pikipiki ya Kolekole kwa makumbusho hapa Malindi wameniomba niyaandike niliyoyasema, na hata waliokuwepo wanalalamika kwamba spika ilikuwa ikikatakata. Basi haya hapa, karibu yote. Nimeacha tu pale nilipopotea njia nikaanza kulalamikia bei ya plagi.

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Wazee wangu, mama zangu, vijana wa bodaboda mlioegesha mkaziba mlango, na nyinyi watunzaji wa nyumba hii ya makumbusho, ahsanteni kwa kuja.

Mimi ni fundi. Nimezoea kuzungumza nikiwa nimechuchumaa, mkononi nina spana namba 14, na ninayezungumza naye ana haraka. Leo nimesimamishwa mikono mitupu mbele ya watu wasio na haraka. Mkiniona naangalia chini mara kwa mara, jueni natafuta spana.

Hii iliyofunikwa shuka hapa nyuma yangu, nusu yenu mmewahi kuitukana. Imewapita alfajiri na taa moja inayotazama kando kama kuku. Imewaamsha. Imewanukia. Ni Kolekole. Jina walilipa watoto wa Mambrui, kwa kuwa siku ya kwanza ilipokatiza kwao ilikuwa na kolekole, samaki mkubwa ambaye mkia wake ulichomoza sandukuni, nao wakadhani pikipiki yenyewe ndiyo yenye mkia. Kuanzia leo itakaa humu ndani. Mwenyewe yuko pale mstari wa mbele, kavaa kanzu ya Idd na Idd bado. Ameiendesha tangu 2011, miaka 12, mpaka goti lilipomkataza kupiga kiki.

Jirani yangu wa gereji alipopata habari aliniuliza, "Kwani hiyo pikipiki imekufa hata ikazikwe makumbusho?" Nilicheka, lakini swali likanikaa. Nikamwuliza na mimi: mtepe uko wapi? Hakuna mtoto wa pwani hii asiyesikia habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari, tanga lake mkeka. Wabajuni wa visiwa vya Lamu waliujua kama wanavyoijua mikono yao. Kufikia katikati ya karne ya 20 ulikuwa umekwisha baharini, na leo ukitaka kuuona unaonyeshwa kielelezo kidogo ndani ya kioo. Hakuna aliyeuweka mmoja, kwa sababu siku zake ulikuwa chombo cha kubebea boriti za mikoko. Na nani anaweka gari la boriti?

Wajerumani nao hawakutushinda. Ile pikipiki ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach ya mwaka 1885, ambayo wengi huihesabu ya kwanza kwenda kwa injini ya petroli, fremu yake ilikuwa ya mbao. Iliungua katika moto wa kiwanda mwaka 1903. Zinazoonyeshwa leo ni nakala. Mbao na petroli chini ya dari moja! Sisi tunaolala chini ya makuti tungewashauri.

Wala si mara ya kwanza pikipiki kuingia nyumba ya heshima. Mwaka 1998 jumba la Guggenheim la New York, linalojulikana kwa picha za kuchora na sanamu, lilipanga pikipiki 114 kwenye ile njia yake inayozunguka kama ganda la koa, na watu zaidi ya 300,000 wakaenda kuzitazama. Wapo walionuna, wakasema hii si sanaa. Hayo ni yao. Ninachowaambia ni kwamba zile zilikuwa zinang'aa. Yetu haing'ai, na nitalirudia hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Nilipopewa fomu ya kuandikisha Kolekole, palikuwa na mstari mmoja wa "Aliyeunda". Mstari mmoja, mrefu kama kidole. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikaondoka nimejaa upepo kama tanga. Usiku nikaanza kugeukageuka.

Hebu fikirini mji wetu huu. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika China, akapokewa kwa shangwe kwenye kasri la mfalme Yongle. Kila mtoto wa shule hapa anaijua hadithi hiyo, na jina la mfalme tunalo. Lakini yule twiga alikuwa na mtu aliyemkatia majani, aliyemshika shingo chombo kilipoyumba, aliyezoa kinyesi chake usiku na mchana bahari nzima. Kibao chake sijakiona popote. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, nao wakavuka kwa muda usiotimia mwezi. Ile nguzo pale kwenye mwamba tunaiita kwa jina la abiria. Jina la rubani wanazuoni wanaligombania mpaka leo.

Nikaona basi, na mimi nimekwisha kuwa Vasco da Gama wa Kolekole. Asubuhi nikarudi hapa, nikaomba karatasi nyingine. Ina majina sita, na mtunzaji ameahidi kuyaandika yote ukutani. Niwaeleze kwa nini sita.

Wenye umri wangu mnakumbuka mchuuzi wa samaki alivyokuwa kabla ya pikipiki. Baiskeli ya Black Mamba, tenga nyuma, gunia la maji limefunika samaki, na mapaja kama ya farasi. Kutoka Ngomeni mpaka hapa ni kilomita kama 30, na kipande kizuri ni mchanga. Barafu inaanza kuyeyuka pale pale dikoni, samaki wanaposhushwa. Jodari akipigwa na jua saa kadhaa si lazima anuke. Unamla vizuri, halafu ulimi unawasha na uso unakuwa mwekundu, na kwenye kupika hakuna dawa ya hilo. Kwa hiyo biashara yote ya samaki ni mbio dhidi ya jua. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, mji ukajaa pikipiki, na wachuuzi wakashuka kwenye baiskeli.

Lakini pikipiki ya dukani imeundwa kubeba watu wawili walioshiba. Kilo 150 za samaki na barafu ni jambo jingine. Uzito wote unakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, unapinda hendeli na pikipiki inaendelea na safari yake kana kwamba hukusema kitu. Na maji ya chumvi yanadondoka juu ya cheni. Cheni mpya baada ya miezi miwili ni tasbihi ya kutu.

Huyu bwana akanijia siku moja na injini ya Honda CG125 ndani ya gunia. Aliipata wapi sikuuliza, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo nikaamini. Injini ile nitaisifu mpaka nife. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa na watu kama sisi akilini, watu wanaobadilisha oili wakikumbuka. Ndani yake hakuna cheni ya kuzungusha mitambo ya juu. Kuna vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma valvu kutoka chini, basi. Viwanda vya China vikaiiga, kimoja baada ya kingine, na ndiyo maana pistoni ya kwake unaipata mpaka duka linalouza sukari na mafuta ya taa.

Fremu tuliikata nyuma ya kiti, tukairefusha kwa bomba la maji. Ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, sisi mafundi huuita suingamu, niliuongeza sentimita 22, ili sanduku likae mbele ya ekseli na si nyuma yake. Hapo ndipo anapoingia jina la pili. Nilikuwa na mwanafunzi, leo ana gereji yake Gongoni, yuko pale karibu na nguzo anajificha. Bomba la maji lina ngozi ya zinki, na zinki ukiichomelea inatoa moshi mweupe. Nilikuwa sijamwambia aiparuze kwanza. Usiku akatetemeka kama mwenye malaria, meno yakigongana, mamake akampa maziwa na kunilaani. Asubuhi akaamka mzima, kwa kuwa homa ile ndivyo ilivyo, huja usiku mmoja ikaenda. Akarudi kazini akaparuza mabomba yote kwa tupa, hakuacha hata doa. Nilimfundisha baada ya homa badala ya kabla yake. Ualimu wa namna hiyo siuhesabu.

Jina la tatu ni mkerezaji aliyetuchongea bushi za shaba, kutoka kwenye shafti ya boti iliyokufa. Nenda kwake na chuma chochote, anakichungulia kwa jicho moja na kukwambia kimepungua kiasi gani. Akipima, ni hivyo hivyo. La nne ni mchoraji aliyeandika tangi. Tulimwagiza methali ya kanga, Hasidi Hana Sababu. Tatizo, tangi tulikuwa tumelikata likawa fupi, na yeye alianza na herufi kubwa kwa furaha. Mtakapoondoa shuka mtaona limeandikwa HASIDI HANA SABA. Miaka 12 watu wanatusimamisha kuuliza hao saba ni akina nani.

(Hapa walicheka sana, na mchoraji akasimama akainama kama mwimbaji wa taarabu.)

Jina la tano ni la fundi wa vyombo vya baharini. Huyu ni mzee wangu, nami sikuwahi kumwita kwa jina, namwita Baba. Sanduku lile alilitengeneza yeye kwa mbao za mwembe, kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati akashindilia makumbi ya nazi yaliyokauka yazuie joto. Kila mwanya akautia kalafati: pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa, akiigonga kwa patasi taratibu, tok, tok, kama mtu anayebisha mlango wa wakwe. Hiyo harufu mnayoilaumu si ya samaki peke yao, ni mafuta ya papa. Wiki mbili nimelianika juani kabla ya kulileta hapa, na hiyo mnayoisikia sasa ndiyo iliyobaki.

Na la sita ni mama karanga. Kina mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuwauza, ndio wanunuzi, ndio wenye masufuria, na ndio wanaojua saa samaki anapoharibika bila kumgusa. Kona ya chini ya sanduku tulitoboa tundu la kidole gumba, na mpira wa kutolea maji ya barafu. Mimi niliushusha mpira mbele ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Mama huyu akasimama, kajishika kiuno, akatazama. Akaniuliza, "Fundi, wewe ukipiga deki nyumbani kwako, unaanzia mlangoni?" Sikumwelewa. Akasema, "Mwenye akili anaanzia ndani anarudi nyuma, asikanyage alipolowesha. Wewe umeloweshea gurudumu lako njia linayokwenda kupita." Nikauchukua ule mpira nikaupeleka nyuma. Shule ya ufundi nimesoma, cheti ninacho. Nimesahihishwa na tambara la deki.

Sasa lile kubwa.

Mkiangalia kando ya Kolekole mtaona kipande cha chuma juu ya meza ndogo. Hicho ni kile suingamu cha kwanza. Kilikatika mwezi wa nne wa mwaka wa kwanza, kusi limeanza, alfajiri, kabla ya daraja la Sabaki ukitoka Mambrui. Mzigo ulikuwa kilo 110, chini ya ule tuliouahidi. Gurudumu la nyuma lililala ubavu, pikipiki ikaburura, na mwenyewe akatupwa kwenye changarawe, mtulinga ukavunjika. Nilipofika na tuktuk nilimkuta amekaa pembeni, mkono kaufunga kwa kilemba, anahesabu samaki. Watu wa karibu walitusaidia kuokota. Si wote walioturudishia, lakini hilo waachieni wao na Mola wao.

Nilikibeba kile chuma mpaka gereji, nikakiweka kwenye mwanga. Kwanza nikafurahi, na leo ninaona haya kusema hivyo: nilifurahi kwa sababu mshono wangu ulikuwa mzima. Nilichomelea vizuri! Ufa ulipita pembeni yake, kando kabisa, nywele mbili kutoka mshono, ukazunguka bomba zima. Nikamwonyesha kila aliyepita: angalieni, si mimi, ni bomba. Na mwenye mtulinga uliovunjika yuko nyumbani hawezi kuvaa shati.

Baba, yule fundi wa vyombo, alikuja kuchukua patasi yake. Akakiona. Hakusema kitu mpaka alipomaliza chai. Kisha akaniuliza, "Ulikata namna gani?" Nikamwambia nilikata sawasawa, wima, nikazungushia mshono. Akaniambia, "Ubao wa chombo haukatwi wima. Ukikata wima umemwonyesha wimbi mahali pa kupasulia. Kata mshazari, ndimi mbili zilaliane, wimbi likija likute hakuna mstari."

Nimesoma baadaye kwamba wahandisi wanalisema hilohilo kwa maneno yao: chuma kando ya mshono hupikwa na moto, kinapoteza tabia yake ya kwanza, na mshono ukizunguka bomba kama pete, udhaifu wote unakaa kwenye duara moja, halafu mtikisiko wa barabara unafanya kazi yake polepole usiku na mchana. Suluhisho lao ni kiraka kilichokatwa kama mdomo wa samaki, ili mshono upande na kushuka. Mimi niliupata kwa bei ya kikombe cha chai. Suingamu cha pili nilikata mshazari, nikaingiza bomba dogo ndani ya kubwa kama mfupa ndani ya nyama, nikaweka kiraka chenye ncha pande zote mbili. Ndicho kilichomo hapa. Kimebeba mpaka mwisho. Mkikichungulia kwa chini, tafadhali mmoja mmoja, mtaona ile ncha.

Kile kilichovunjika watu waliniambia nikifiche. Kuna mzee wa New Zealand aliyeitwa Burt Munro. Alinunua Indian Scout mwaka 1920, akakaa nayo maisha yake yote anaibadilisha, akiyeyusha vyuma vya zamani na kujimiminia pistoni mwenyewe bandani kwake. Mwaka 1967, ana miaka 68, aliipeleka kwenye jangwa la chumvi la Bonneville huko Marekani akaweka rekodi ya daraja lake, karibu kilomita 296 kwa saa. Lakini ninachompendea ni rafu yake. Bandani alikuwa na rafu aliyopanga pistoni na vyuma vyote vilivyomvunjikia, na juu yake kaandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Mimi mungu wa mwendo simjui, astaghfirullah, ila rafu naielewa. Kile chuma kikae pale mezani. Kijana akija kutoka chuo cha ufundi aanze nacho kabla hajaangalia pikipiki.

Na yale majina, kama kuna anayeona nimeyakuza mno, nimpe kisa kimoja kutoka Marekani. Mwaka 1969 ilitoka filamu iliyoufanya ulimwengu mzima utamani zile pikipiki ndefu zenye uma wa mbele ulionyooshwa na hendeli za juu. Ziliundwa Los Angeles, kutokana na Harley za polisi zilizonunuliwa mnadani. Waliozibuni na kuziunda walikuwa Wamarekani weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy. Filamu ilipokwisha na majina yakaanza kupanda kwenye kioo, yao hayakuwemo, na ikapita miongo kabla watu wengi hawajajua. Mwaka 2014 pikipiki iliyosemekana kuwa mojawapo ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1, huku watu wakibishana kama ndiyo yenyewe au siyo. Mnaona? Waliipa pikipiki cheti cha kuzaliwa, wakabishana juu ya cheti, na wazazi hawakuulizwa.

Kwa hiyo niruhusuni niwasimamishe wangu.

(Hapa niliwaita mmoja mmoja. Mkerezaji hakuwepo, alikuwa na kazi ya mtu, akasimama mwanawe. Mama karanga alikataa kusimama, akasema amekwisha kusimama vya kutosha maisha yake, tukampigia makofi akiwa amekaa.)

Nimebakiwa na moja, kisha mpumzike. Ni la kung'aa.

Wiki tatu zilizopita Kolekole ililetwa mjini, na kijana mmoja wa mahali pa kuoshea magari akasikia inakwenda makumbusho. Kwa mapenzi yake, bila kulipwa, akaiosha kwa sabuni na dizeli, akasugua. Nilipofika alikuwa amefungua kifuniko cha sanduku anakwenda na brashi. Nikapiga kelele mpaka akaangusha ndoo. Ndani ya kile kifuniko mwenyewe alikuwa akiandika madeni. Kwa mkaa, mistari minne na wa tano unaikata, safu kwa safu, kila mama karanga na alama yake: huyu nyota, huyu kikombe, huyu mwezi. Daftari lingelowa, kifuniko hakilowi. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha kufutika. Mama wa kikombe alipoambiwa akasema alhamdulillahi, deni limesamehewa na sabuni. Mwenyewe hajakubali, na nadhani mazungumzo bado yanaendelea pale mstari wa mbele.

Upande wa kulia umebaki. Nyota ana mistari 23.

Simlaumu kijana. Sote tumefundishwa kwamba kitu kikipelekwa mbele za watu huoshwa. Lakini tsunami ya Japani ya mwaka 2011 ilibeba kontena, ndani yake Harley-Davidson ya mtu, likaelea bahari nzima ya Pasifiki, na mwaka uliofuata pikipiki ikaokotwa kwenye ufuko wa kisiwa cha magharibi ya Kanada, imeliwa na kutu. Kampuni ilijitolea kuitengeneza upya imrudie mwenyewe. Yule bwana alikuwa amepoteza nyumba yake na jamaa zake katika maji yale. Akaomba isiguswe, iwekwe iwe kumbukumbu ya waliokufa. Iko kwenye makumbusho ya Harley huko Milwaukee, na kutu yake yote.

Sisi, Mungu atuepushe, hatukupatwa na la ukubwa huo. Kutu yetu ni ya Ngomeni na Marereni, ya upepo wa mashamba ya chumvi na maji ya barafu. Ila na yenyewe imeandika kitu. Angalieni fremu upande wa kulia, pale buti ya mwendeshaji inapogusa: rangi imekwisha, chuma kimekuwa laini kama kipini cha jembe. Angalieni hendeli ya kushoto, ile kamba ya nailoni aliyoifunga siku klachi ilipokatika Gongoni, akaja nayo hivyo hivyo, kisha hakuiondoa kamwe. Watunzaji, nawaomba: vumbi futeni. Kutu mpakeni mafuta kidogo isiendelee kula. Mkaa msiuguse. Na mchoraji akija kuomba kumalizia ile BU iliyobaki kwenye tangi, mfungieni mlango.

Betri nimeitoa. Oili nitaimwaga kesho asubuhi. Petroli sharti itoke yote, kanuni ya nyumba hii ndiyo hiyo, na baada ya kisa cha wale Wajerumani siibishii. Lakini leo nimeacha kiasi cha kikombe kimoja ndani ya tangi kwa makusudi, na mtunzaji ameruhusu, mradi iwe uani.

Kwa hiyo tutaisukuma nje sote. Kuna jambo moja tu la kujua. Kolekole haina ufunguo. Haikuwahi kuwa nao. Kuna nyaya mbili chini ya kiti, nyeusi na ya kijani. Zikigusana inazima, zikiachana inawaka. Mwenyewe amesema goti lake linaweza kiki moja, ya pili atanipa mimi. Tutaiacha ingurume mpaka ijizime yenyewe.

Wenye watoto wachanga simameni upande wa baharini, upepo unavuma kuja huku, na moshi wake wa kwanza si mchache.